Ndoo moja, wanafunzi elfu moja

Wanafunzi 1,000, ndoo moja, koki moja. Mpe kila mtoto sekunde 20 za kusugua mikono kwa sabuni kama wataalamu wa afya wanavyoelekeza, na sekunde 10 za kusuuza na kumpisha mwenzake. Jumla ni sekunde 30,000, yaani saa nane na dakika 20. Kengele ya kuingia ikilia saa moja na nusu asubuhi, mtoto wa mwisho kwenye foleni atanawa saa kumi kasoro dakika kumi alasiri, na mlinzi ameshaanza kufunga madarasa.

Hesabu hiyo huniijia kila ninapopita Simbo. Hii ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma, ndiko inakoanzia barabara ya Ilagala inayoelekea kusini hadi Kalya. Asubuhi barabara hiyo hujaa sare za shule: kaptula na sketi za bluu, mashati yaliyokuwa meupe kabla udongo mwekundu haujayapa rangi yake, na mikononi madumu na mifagio. Pembeni ni michikichi, mihogo na maharage. Pikipiki zinapita na magunia ya dagaa kutoka ziwani, na madumu ya mawese yanakwenda mjini. Watu wa ukanda huu hawaishi kwa kujifungia. Wanaishi kwa kusafiri, kuuza, kupokea ndugu kutoka ng'ambo, kusalimiana kwa kushikana mikono kwa muda mrefu. Ugonjwa unaosambaa kwa watu kukutana hauhitaji kutafuta njia ya kufika Simbo, kwa kuwa njia zilikuwapo siku zote. Na mahali pekee ambapo watoto wa kaya zote hukutana chini ya paa moja, siku tano kwa wiki, ni shuleni.

Machi 16, 2020 Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, aliyepatikana Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizifunga shule zote, kuanzia za awali hadi kidato cha sita, kwa siku 30. Siku hizo zikazaa nyingine. Vyuo na kidato cha sita walirudi Juni 1, wengine wote Juni 29. Kwa mtoto wa darasa la kwanza aliyekuwa ndiyo kwanza anaunganisha silabi, hizo ni siku zaidi ya 100 bila mwalimu. Vipindi vya masomo vilirushwa redioni na kwenye televisheni, na ilikuwa kazi njema, lakini redio inahitaji betri, na mtoto anayesikiliza redio shambani huku akifukuza ndege kwenye mpunga hasomi kama aliyekaa kwenye dawati.

Waliporudi walikuta ndoo. Nadhani kila msomaji anazikumbuka. Ndoo za plastiki zenye koki, zimepandishwa juu ya stuli au matofali, na kipande cha sabuni kwenye kisahani. Zilikuwa mlangoni mwa ofisi ya mwalimu mkuu, zahanati, sokoni, msikitini na kanisani. Mafundi seremala walitengeneza zile za kukanyaga kwa mguu ili mtu asiguse koki. Kwa miezi michache nchi nzima ilinawa mikono. Kisha hofu ikapungua, koki zikaanza kuvuja, sabuni ikaisha bila kununuliwa nyingine, na ndoo moja baada ya nyingine ikaingizwa stoo au ikapelekwa jikoni kuhifadhia unga.

Hilo ndilo linaloniuma. Tuliichukulia ndoo kama kifaa cha korona, nayo ilipaswa kuwa kifaa cha shule, kama ubao na chaki.

Wilaya hii ya Kigoma ina sababu zake za kulijua hilo kuliko wilaya nyingi. Mei 2015, wakati Burundi ilipoingia katika machafuko ya kisiasa, maelfu ya watu walivuka mpaka na kushukia Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kata ya halmashauri ileile iliyo na Simbo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikadiria kuwa watu wapatao 50,000 walikuwa wamejazana kwenye ukanda ule mwembamba wa mchanga. Barabara ya kuwatoa haikuwapo. Meli ya MV Liemba, ile iliyotengenezwa na Wajerumani na kushushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915, ilikuwa inabeba watu kama 600 kwa safari na kuwaleta mjini, wakapumzishwa kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Kule Kagunga vyoo havikutosha, na maji ya kunywa yalikuwa ya ziwa lilelile. Kipindupindu kikalipuka. Kabla ya mwezi kwisha wagonjwa walikuwa wamefika 3,000 na waliofariki walikuwa zaidi ya 30, na miongoni mwao walikuwamo wenyeji.

Kipindupindu chenyewe ni janga la dunia, ingawa tumekizoea kiasi cha kulisahau hilo. Wimbi la sasa, ambalo wataalamu wanalihesabu kuwa la saba, lilianza Indonesia mwaka 1961, likaingia Afrika mwaka 1970, na halijaisha mpaka leo. Miezi michache tu baada ya Kagunga, Agosti 2015, mlipuko mwingine ulianzia Dar es Salaam na kusambaa karibu nchi nzima hadi mwaka 2018, ukiwa na wagonjwa zaidi ya 30,000 na vifo zaidi ya 500. Ugonjwa huu huweza kumuua mtu mzima kwa saa chache, kwa kumkausha maji tu. Mtoto hana hata saa hizo. Kila mwalimu anapaswa kujua namna ya kuchanganya lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, na kuanza kumnywesha mtoto palepale wakati bodaboda inatafutwa ya kumkimbiza zahanati. Mchanganyiko huo hauchukui nafasi ya hospitali. Unamfikisha hospitali akiwa hai.

Baadaye ikaja zamu ya mpox. Agosti 14, 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ugonjwa huo kuwa dharura ya kimataifa. Aina mpya ya kirusi chake ilikuwa imeibukia Kivu Kusini, mkoa wa Kongo unaochota maji katika ziwa hilihili, na Burundi, jirani wetu wa kaskazini, ikawa miongoni mwa nchi zilizopata wagonjwa wengi. Machi 10, 2025 Tanzania nayo ilithibitisha wagonjwa wake wawili wa kwanza. Mpox huambukiza zaidi kwa kugusana ngozi, kulala pamoja, kushirikiana shuka na nguo. Sasa fikiria dawati lililotengenezwa kwa watoto watatu likikaliwa na watano, mabega yamegandana tangu asubuhi. Fikiria bweni lenye vitanda vya ghorofa na godoro moja kwa wasichana wawili. Hakuna barakoa inayozuia hilo.

Ndiyo maana nasema kwamba kinga kubwa kuliko zote iliyoingia katika shule zetu wakati wa korona ilikuwa tofali. Oktoba 10, 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dodoma mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19, wenye shilingi trilioni 1.3 zilizotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Sehemu ya fedha hizo ilijenga madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi vya msingi. Vijijini watu bado wanayaita madarasa ya UVIKO. Januari 2022 watoto waliofaulu kwenda kidato cha kwanza waliripoti wote kwa pamoja, bila wengine kubaki nyumbani wakisubiri chaguo la pili. Wapo waliohoji kwa nini fedha za ugonjwa zijenge kuta. Mimi naona hakukuwa na matumizi sahihi zaidi. Huwezi kumwambia mtoto akae mita moja kutoka kwa mwenzake katika chumba ambacho hata sentimita kumi hazipatikani. Darasa la watoto 45, dirisha wazi pande zote mbili, upepo wa ziwa ukipita katikati, ni dawa.

Hapo niongeze neno juu ya madirisha. Shule nyingi za zamani za Kigoma zina matundu ya madirisha yenye nondo tu, bila vioo, na tumekuwa tukiyaona kama alama ya umaskini. Kwa magonjwa ya hewa, korona, mafua makali, kifua kikuu, matundu hayo yamekuwa yakiwalinda watoto bila sisi kujua. Ukarabati unapofanyika, madirisha mapya yafunguke yote, si kipande. Na msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, mwalimu ahakikishe upande usiopigwa na mvua unabaki wazi.

Lakini darasa jipya bila choo kipya limeacha kazi nusu. Mwongozo wa taifa wa usafi wa mazingira shuleni unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kwa shule ya wanafunzi 1,000, nusu kwa nusu, hayo ni matundu 25 na mengine 20, jumla 45. Msomaji wa Simbo, Mwandiga au Kalinzi anajua shule ya jirani yake ina matundu mangapi, na akitaka anaweza kwenda kuyahesabu Jumatatu asubuhi. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, wanafunzi wameongezeka kwa kasi ambayo shimo la choo haliwezi kuifuata. Mtoto anayekuta foleni ndefu chooni anakwenda nyuma ya mchikichi. Msichana aliye kwenye hedhi, akikuta choo hakina maji wala mlango, anarudi nyumbani na hasomi siku nne kila mwezi. Tukizungumza habari ya milipuko tu, tunamsahau huyo ambaye mlipuko wake unarudi kila baada ya wiki nne.

Nikiwa darasa la nne, katika shule ambayo haina haja ya kutajwa, tulinawa mikono kabla ya uji. Tulinawa darasa zima kwenye beseni moja la bati. Wa kwanza alikuta maji safi, wa kumi alikuta maji ya kahawia, na wa mwisho alichovya mikono yake katika uchafu wa wenzake wote, kisha akapokea kikombe. Mwalimu alitusimamia kwa makini na kwa upendo, akiamini anatufundisha usafi. Nililielewa kosa lile nikiwa mtu mzima. Maji ya kunawa lazima yatiririke. Beseni linawagawia watoto ugonjwa kwa usawa.

Na sabuni? Hapa ndipo Kigoma inaponishangaza. Hakuna mkoa Tanzania unaojua michikichi kama huu. Mawese yetu yanakaanga samaki nchi nzima, na kutokana na mawese na mafuta ya mise, kina mama wa vijijini wamekuwa wakipika sabuni miaka nenda rudi, ile ya vipande ambayo wengi tunaiita gwanji. Inafua sare, inaosha vyombo, inauzwa gulioni. Kirusi cha korona kimevikwa ganda la mafuta, na sabuni yoyote, hata gwanji iliyokatwa kwa kisu na kufungwa kwenye mfuko wa nailoni, hulivunja ganda hilo. Kwa vijidudu vya kipindupindu na mayai ya minyoo, sabuni huyang'oa mikononi na maji yakayaondoa. Watoto wanaolala katika nyumba ambako mama anachemsha mise uani wanafika shule isiyo na hata kipande cha sabuni. Nimeshindwa kulizoea jambo hilo.

Watu husema fedha hakuna, na sitaki kulipuuza. Serikali hupeleka ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na kati ya hizo shilingi 6,000 ndizo zinazoingia akaunti ya shule, nyingine 4,000 zikienda kwenye vitabu. Shilingi 6,000 kwa mwaka ni shilingi 500 kwa mwezi kwa kila mtoto. Shule ya watoto 1,000 inapata kama shilingi laki tano kwa mwezi, na humo mwalimu mkuu anatakiwa kupata chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo na utawala. Sabuni inashindana na mtihani wa darasa la saba, na unajua nani anashinda. Kwa hiyo sabuni isiachwe ipambane yenyewe katika orodha. Itengewe fungu lake kwa jina, na mzazi mwenye mchikichi aruhusiwe kuchangia kwa sabuni badala ya kuombwa fedha ambazo hana. Utaratibu wa michango ya hiari kupitia kamati ya shule upo.

Tukirudi kwenye ile hesabu ya mwanzo, jibu lake si ndoo kubwa zaidi. Ni koki nyingi, na koki si lazima iwe ya dukani. Kibuyu chirizi kinatengenezwa kwa dumu la lita tatu au tano, kamba, vijiti vitatu na kitundu kilichotobolewa kwa msumari wa moto. Mtoto anakanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachirizika, hakuna aliyegusa kitu. Vibuyu chirizi 20 vilivyopangwa kwa mstari vitawahudumia wanafunzi 1,000 kwa dakika 25. Watoto wa darasa la sita wanaweza kuvitengeneza vyote kwa mchana mmoja wa somo la stadi za kazi, na wakivitengeneza wenyewe watavilinda.

Maji yenyewe yatatoka wapi? Kibuyu chirizi kinatumia kama robo lita kwa mnawo mmoja, wakati mwingine pungufu. Tuseme mtoto ananawa mara tatu kwa siku na anatumia sehemu ya tano ya lita kila mara. Kwa shule nzima ni lita 600, yaani madumu 30 ya lita 20. Kwa desturi yetu, madumu hayo yatabebwa vichwani na wasichana, kabla ya kipindi cha kwanza, kutoka kisimani au bondeni. Sikubali afya ya shule nzima ijengwe juu ya shingo zao, na mvua imetupa njia nyingine. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Kigoma hupata karibu milimita 900 au zaidi kwa mwaka. Paa la bati la mita za mraba 70, ukitoa sehemu ya tano inayopotea kwa kuruka na kuvuja, linaweza kukusanya lita 50,000. Mapaa mawili ni lita laki moja, na mwaka wa shule una siku 194 za masomo. Hayatatosha yote, kwa sababu kiangazi cha Juni hadi Septemba ni kikali na simtanki la lita 10,000 linamalizika kwa wiki tatu na siku chache za masomo bila mvua. Lakini kwa miezi ya mvua, ambayo ndiyo miezi ya kipindupindu, maji yangekuwapo hatua kumi kutoka mlangoni. Madarasa ya UVIKO yana mabati mazuri. Mengi yanangoja mfereji na tangi tu.

Nimeeleza ndoo na paa kwa urefu, lakini kuna jambo moja halihitaji hata senti, nalo ndilo gumu kuliko yote. Mtoto mgonjwa abaki nyumbani.

Shule zetu zinapigana na utoro kwa nguvu zote, na ni vita ya haki, maana mtoto wa ukanda huu anavutwa na mitumbwi, na msimu wa maharage, na biashara ndogondogo za gulioni. Rejista inaitwa asubuhi, aliyekosekana anaitwa kesho yake, na mara nyingi fimbo inafuata maelezo. Katika hali hiyo mtoto mwenye homa na kikohozi anaona afadhali aje shuleni kuliko kueleza kesho kwa nini hakuja. Anakuja, anakohoa darasani, na kabla ya Ijumaa dawati zima linakohoa. Mwalimu wa darasa akiwa na utaratibu wa kupokea taarifa ya mzazi, kwa simu au kwa karatasi iliyoletwa na mtoto wa jirani, bila adhabu, mtoto yule angelala nyumbani siku mbili na kupona. Na akirudi asiitwe jina la ugonjwa. Mwaka 2020 watoto wetu walipeana majina ya ugonjwa kwenye uwanja wa mpira. Mtoto akishaitwa hivyo mara moja, safari ijayo ataficha homa yake mpaka aanguke.

Walimu nao ni binadamu, jambo ambalo mipango mingi ya afya ya shule hulisahau. Mwalimu mwenye kisukari au shinikizo la damu alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya korona kuliko wanafunzi wake wote, naye ndiye aliyesimama mbele ya pumzi 100 kila kipindi. Baada ya Mei 2020, takwimu za taifa zikiwa zimesimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, walimu walifundisha kwa miezi mingi bila kujua ugonjwa uko wapi wala umepungua au umeongezeka. Chanjo za kwanza, zaidi ya dozi milioni moja za Janssen, zilifika nchini Julai 24, 2021, na Rais akachanjwa hadharani Julai 28. Naheshimu uamuzi wa kuwarudisha watoto mapema, na nchi jirani zinaonyesha kwa nini. Kenya ilifunga shule Machi 2020 na si wanafunzi wote waliorudi kabla ya Januari 2021. Uganda haikuzifungua kikamilifu mpaka Januari 10, 2022, karibu miaka miwili, watoto wapatao milioni 15 wakiwa nje. Wasichana wengi hawakurudi tena. Hapa kwetu ilibidi Novemba 2021 Profesa Joyce Ndalichako, Waziri wa Elimu na mbunge wa Kasulu Mjini wakati huo, atangaze kwamba waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwamo, waruhusiwe kurudi. Kufunga shule nako kuna wagonjwa wake. Lakini kuzifungua na kumnyima mwalimu taarifa ni kumpeleka kazini akiwa amefumbwa macho, na mlipuko ujao usitukute tukilirudia hilo.

Mwalimu akiugua, nani anaingia darasani? Katika shule yenye walimu wanane na madarasa saba, ugonjwa wa mmoja unavuruga ratiba ya wote. Ndiyo maana mwalimu naye anakuja na homa. Anajua akikosa, darasa la tatu litacheza mpaka saa nane. Walimu wa kujitolea, ambao wapo wengi vijijini wakisubiri ajira, wawe na orodha yao kwa mratibu elimu kata, na wawe na posho hata ndogo siku wanapoitwa. Mpishi wa uji vilevile. Sheria zetu zinataka anayehudumia chakula apimwe afya kila baada ya miezi sita, na shuleni hilo linasahaulika kwa sababu mpishi ni mama wa kijijini anayefahamika na kila mtu. Kufahamika hakuonekani kwenye darubini ya maabara.

Kuna kisa cha Gombe ninachopenda kukisimulia, na Gombe iko katika wilaya hii. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwaingia sokwe ambao Jane Goodall alikuwa akiwachunguza. Wanadamu wa maeneo haya walikuwa wameshaugua polio kabla yao. Baadhi ya sokwe walipooza mikono na miguu, wengine wakafa. Watafiti wakatafuta chanjo ya matone, wakaificha ndani ya ndizi na kuwalisha. Leo mgeni anayeingia Gombe huvaa barakoa na kukaa mbali na sokwe, na hakuna anayeona ajabu. Septemba 2023, baada ya kirusi cha polio kugunduliwa Rukwa, Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa sita ambako watoto wote wa chini ya miaka minane walipewa matone, wakiwamo wanafunzi wa awali, darasa la kwanza na la pili. Kuanzia ndizi za Gombe hadi vinywa vya watoto wetu, kazi ni ileile. Nawaomba wazazi wa Simbo, timu ya chanjo inapofika shuleni, msimfiche mtoto nyumbani kwa sababu ya maneno ya WhatsApp. Muulizeni mhudumu wa afya uso kwa uso, mkiwa na shaka zenu zote. Ni haki yenu kuuliza, na ni wajibu wake kujibu.

Mwisho niseme na wajumbe wa kamati za shule, mnaochaguliwa na wazazi wenzenu na mnaoketi kwenye madawati ya watoto wenu kila kikao kinapoitishwa. Kikao kijacho, kabla hamjafikia taaluma na nidhamu, mwombeni mwalimu mkuu awaonyeshe mambo matatu: mahali watoto wanaponawia, choo cha wasichana, na sabuni. Mtoke nje mkavione kwa macho yenu. Mkikuta kisahani kitupu, msiandike kwenye muhtasari kwamba suala litafuatiliwa. Mmoja wenu arudi nyumbani wakati huohuo akalete kipande cha gwanji, watoto wanawe kabla ya uji wa saa nne.